Matunzo ya wazee nyumbani: sheria zinasema nani alipe?

Makala hii ni kwa familia zinazotunza mzee nyumbani katika maeneo ya Arua, Koboko na makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule. Inaeleza sheria na taratibu zilizobadilika katika miaka ya karibuni, nani anaweza kupata pesa gani, na mambo ya kufanya kabla mzee hajaugua sana. Inawahusu wakimbizi na wenyeji pia.

Kwa ufupi

- Uganda haina bima wala mfuko wa serikali unaolipia matunzo ya muda mrefu ya mzee. Mzigo mkubwa bado uko kwa familia.
- Raia wa Uganda aliyefikisha umri uliowekwa ana haki ya kusajiliwa kwenye mpango wa SAGE. Mkimbizi hayumo katika mpango huo.
- Umri unaohesabiwa ni ule ulioandikwa kwenye kitambulisho cha taifa. Ule ambao familia inaujua hautumiki.
- Tangu mwaka 2022, sheria ya akiba ya wafanyakazi na sheria ya mirathi zimebadilika. Zote mbili zinagusa pesa za kumtunza mzee.
- Kiwanja alichopewa mkimbizi kwenye makazi hakiwezi kuuzwa ili kulipia matibabu.

Bibi wawili, kijito kimoja

Tuchukue mfano. Bibi wawili wana miaka 82 kila mmoja. Wa kwanza ni mwenyeji wa Koboko. Wa pili alivuka kutoka Kongo na anaishi Lobule, ng'ambo ya kijito. Wote wamepooza upande mmoja wa mwili na kila mmoja anaogeshwa na kulishwa na mkwe wake. Gharama zao ni zilezile: sabuni, maziwa, vitambaa vya kubadilisha, boda ya kwenda kituo cha afya, na siku ambazo mkwe haendi shambani.

Ugonjwa ni mmoja na umri ni mmoja, lakini milango ya msaada ni tofauti. Bibi wa Koboko anategemea kitambulisho cha taifa. Bibi wa Lobule anategemea karatasi za ukimbizi na jinsi familia yake ilivyopangwa kwenye mgao. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mzee wako ana karatasi gani?

Sheria inasema jukumu ni la nani?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inasema serikali itaweka utaratibu wa kuridhisha kwa ajili ya ustawi na matunzo ya wazee. Kifungu cha 17 kinampa kila raia wajibu wa kuwalinda watoto na watu walio katika hali ya udhaifu dhidi ya kuteswa na kunyanyaswa. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1986, unaongeza kwamba kila mtu ana wajibu wa kuwaheshimu wazazi wake na kuwatunza wanapokuwa na shida.

Maneno haya yana uzito, lakini hayaweki kiasi cha pesa ambacho mtoto mkubwa anapaswa kumlipa mzazi wake kila mwezi. Ndiyo maana mambo mengi ya matunzo huamuliwa kwenye kikao cha ukoo, mbele ya wazee au kwa mwenyekiti wa LC1. Njia hiyo inafaa. Makubaliano yaandikwe: nani analeta chakula, nani analipa dawa, nani anakaa na mzee usiku. Kila mmoja atie sahihi au alama ya kidole.

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Ujerumani ilianzisha bima ya lazima ya matunzo ya muda mrefu mwaka 1995, na Japani ikafuata mwaka 2000. Ndugu aliye Ulaya akiuliza, "Kwani bima haimlipii mama?", jibu ni kwamba Uganda haina bima ya aina hiyo. Hata bima ya afya ya taifa haijaanza: Bunge lilipitisha muswada wake mwezi Machi 2021, lakini haukutiwa sahihi kuwa sheria. Kinachobaki ni vituo vya afya vya serikali, ambako ada za matibabu ziliondolewa mwaka 2001. Huko wakimbizi na wenyeji hutibiwa pamoja. Dawa ikikosekana kituoni, familia hununua dukani kwa pesa yake.

SAGE: pesa ya wazee

SAGE ni mpango wa Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Mzee aliyesajiliwa hupata shilingi 25,000 kwa mwezi, na kwa kawaida hulipwa miezi kadhaa kwa pamoja kwenye kituo cha malipo. Kwa mwaka mzima hiyo ni shilingi 300,000. Haitoshi kumtunza mgonjwa wa kitandani, lakini inanunua sabuni na maziwa, na inampa mzee sauti ndani ya nyumba.

Mpango ulianza kama majaribio katika wilaya chache, na katika wilaya nyingi za majaribio umri wa kuanzia ulikuwa miaka 65. Ulipopelekwa nchi nzima katika mwaka wa fedha wa 2020/21, umri ukawekwa kuwa miaka 80. Waliokuwa wameshasajiliwa kwa umri wa chini waliendelea kupokea. Ndiyo sababu unaweza kumwona mzee wa miaka 74 analipwa wilaya jirani, na wa miaka 78 kwako halipwi. Hiyo haimaanishi kwamba mtu ameiba nafasi yake. Umri huu umewekwa na serikali kulingana na bajeti na unaweza kubadilishwa, kwa hiyo muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako kila mwaka mpya wa fedha unapoanza mwezi Julai.

*Tarehe ya kuzaliwa*

Majina ya wanaostahili hutolewa kwenye daftari la kitambulisho cha taifa linalosimamiwa na NIRA. Hapa ndipo wazee wengi wa West Nile wanapokwama. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, familia nyingi za huku zilikimbilia Sudan na Zaire na kukaa huko miaka kadhaa. Wengi walirudi bila cheti cha ubatizo wala karatasi ya shule. Siku ya kuandikishwa, mwaka wa kuzaliwa ulikisiwa tu.

Kosa la miaka miwili kwenye kitambulisho ni miezi 24 bila malipo, yaani shilingi 600,000. Mwaka 2022 mashirika ya kiraia yalifungua kesi katika Mahakama Kuu dhidi ya serikali, yakisema kwamba mfumo wa kitambulisho unawafungia wazee na wanawake wajawazito nje ya huduma wanazostahili. Wewe usisubiri mahakama. Fanya yafuatayo:

1. Soma kitambulisho cha mzee leo. Angalia jina, mwaka wa kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi.
2. Kama kuna kosa, tafuta ushahidi: cheti cha ubatizo, karatasi ya zamani ya kodi, kadi ya kliniki, vyeti vya watoto wake wa kwanza. Mzee mwenye mtoto wa miaka 66 hawezi kuwa na miaka 70.
3. Pata barua ya LC1, kisha nenda ofisi ya NIRA ya wilaya na uulize utaratibu na ada ya kurekebisha.
4. Usimlipe mtu wa kati anayeahidi kuongeza umri. Kutoa taarifa za uongo kwenye daftari hilo ni kosa la jinai, na anayeweza kushtakiwa ni mzee mwenyewe.

*Mzee asiyeweza kutembea*

Mpango unaruhusu mzee dhaifu kuwa na mpokeaji mbadala, mtu anayeaminika ambaye anasajiliwa kupokea kwa niaba yake. Mchagueni mapema, mzee akiwa bado anaweza kusema anamtaka nani. Mpokeaji huyo hana haki ya kuitumia pesa hiyo kwa mambo yake.

*Wazee ambao hawajafikia umri wa SAGE*

Raia wa miaka 60 hadi 79 wanaweza kuunda kikundi na kuomba ruzuku maalum ya biashara kwa wazee, kupitia afisa maendeleo ya jamii. Pia katika mpango wa maendeleo ya parokia ulioanza mwaka 2022, sehemu ya asilimia 10 imetengewa wazee. Kumbuka kwamba pesa ya parokia ni mkopo unaorudishwa. Mzee asichukuliwe jina tu ili kijana atumie.

Mzee mkimbizi

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea, kufanya kazi na kupata huduma kama afya na elimu ya msingi. Haimwingizi kwenye SAGE, kwa sababu SAGE inatolewa kwa raia kwa kitambulisho cha taifa. Msaada wa mzee mkimbizi hutoka kwa njia nyingine, na kubwa kati ya hizo imebanwa.

Mwezi Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, liliacha kumpa kila mkimbizi mgao ulio sawa na kuanza kupanga familia katika makundi matatu. Kundi la kwanza, lenye udhaifu mkubwa, lilipangiwa asilimia 60 ya mgao kamili, la pili asilimia 30, na la tatu likaondolewa. Mwezi Mei 2025 WFP ilitangaza kwamba kwa uhaba wa fedha, wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda hawatapata tena msaada wa chakula.

Mabadiliko haya hayakutokana na sheria ya Bunge. Ni uamuzi uliotokana na fedha za wafadhili, na huja kwa muda mfupi. Kwa familia yenye mzee maana yake ni kwamba taarifa zenu lazima ziwe sahihi wakati wote:

- Kama mzee amepooza, amepoteza kuona, au anaishi na wajukuu tu, hakikisha jambo hilo limeandikwa kwenye taarifa za familia kwa UNHCR na Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM. Anatakiwa aorodheshwe kama mtu mwenye mahitaji maalum.
- Kama kijana aliyekuwa akiwasaidia ameondoka au amefariki, toeni taarifa. Familia ikionekana ina mtu mwenye nguvu, inaweza kupangwa kundi lisilo lake.
- Kama hamkubaliani na kundi mlilopewa, fikeni kwenye dawati la malalamiko au pigeni namba ya bure 0800 323 232. Andika tarehe uliyopiga na namba ya kesi uliyopewa.
- Huduma hizi zote hazilipiwi. Anayedai pesa ili abadilishe kundi lako ni mwizi, hata akiwa kiongozi wa bloku.

Mzee mwenye mizizi pande mbili za mpaka, kama walivyo Wakakwa wengi, asijiandikishe mara mbili, kama raia na kama mkimbizi. Alama za vidole hukutana kwenye mifumo, na anaweza kubaki bila chochote. Kama hali yake ya uraia haieleweki, tafuta msaada wa kisheria kwanza.

Kuuza ardhi ili kulipia matunzo

*Kwenye makazi ya wakimbizi.* Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 zinampa mkimbizi haki ya kutumia ardhi aliyopewa kwa familia yake, lakini haziruhusu kuiuza wala kuikodisha. "Mauzo" ya kiwanja ili kumpeleka mzee hospitali ya Arua huishia kwa hasara mbili: mnunuzi anadai pesa yake, na mzee hana pa kulala.

*Kwa wenyeji.* Sehemu kubwa ya ardhi ya West Nile ni ya kimila. Sheria ya Ardhi inataka mke au mume anayeishi kwenye ardhi ya familia akubali kabla haijauzwa au kuwekwa rehani. Mauzo yaliyofanywa na kijana mmoja usiku, bila bibi kujua na bila ukoo kukaa, yanaweza kupingwa.

Kabla ya kukopa, kumbuka kwamba sheria ya mwaka 2016 inamtaka mkopeshaji wa pesa awe na leseni. Usimwachie mtu kitambulisho cha taifa cha mzee wala karatasi zake za ukimbizi kama dhamana. Bila hizo, mzee hawezi kupokea kitu.

Akiba ya NSSF: sheria mpya ya 2022

Huenda mzee mwenyewe hakuwahi kuajiriwa, lakini mtoto anayemtunza anafanya kazi kwenye shule, duka, kampuni ya ulinzi au shirika. Marekebisho ya Sheria ya NSSF ya mwaka 2022 yamebadilisha mambo matatu:

- Kila mwajiri lazima achangie, hata akiwa na mfanyakazi mmoja. Mwajiri hutoa asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi hukatwa asilimia 5.
- Mwanachama mwenye miaka 45 aliyeweka akiba kwa miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Mwenye ulemavu anaweza kuchukua hadi asilimia 50 akifika miaka 40 na akiwa ameweka miaka 10.
- Mtu anaweza kuweka akiba kwa hiari, hata asipoajiriwa.

Kabla ya kuchukua asilimia 20 kwa ajili ya mama, piga hesabu. Pesa hiyo ni ya uzee wako wewe. Kama ugonjwa utachukua miaka mitano, mkupuo mmoja utaisha mapema, na wanao ndio watakaobeba mzigo wako baadaye. Itumike kwa kitu kinachodumu, kama kiti cha magurudumu, choo kinachofikika au mbuzi wa maziwa. Matumizi ya kila siku yagawanywe kati ya ndugu.

Mkimbizi aliyeajiriwa pia anachangiwa. Wengi waliopoteza kazi hawajui kwamba akiba yao bado ipo. Mwanachama akifariki, akiba yake huenda kwa wategemezi wake, na mzazi aliyekuwa akitegemea mtoto huyo anaweza kuwa mmoja wao. Ulizeni NSSF kabla hamjakata tamaa.

Mirathi: fungu la mzazi limepungua

Badiliko hili halijulikani sana. Mtu akifariki bila wasia, Sheria ya Mirathi inagawa mali yake kwa asilimia. Mzazi mzee aliyekuwa akiishi kwa msaada wa marehemu huhesabiwa kama ndugu tegemezi. Kabla ya mwaka 2022, ndugu tegemezi walipata asilimia 9 na mjane asilimia 15. Marekebisho ya 2022 yamempa mjane asilimia 20, na ndugu tegemezi wamebaki na asilimia 4. Watoto bado wana asilimia 75 na mrithi wa kimila asilimia 1.

Tuseme marehemu ameacha mali ya shilingi milioni 10, mbali na nyumba ya familia. Watoto watapata 7,500,000, mjane 2,000,000, ndugu tegemezi wote kwa pamoja 400,000, na mrithi wa kimila 100,000. Mama wa marehemu mwenye miaka 80 akigawana na ndugu wengine wategemezi, anaweza kubaki na pesa ya miezi michache tu.

Badiliko hilo limewalinda wajane, ambao wengi walikuwa wakifukuzwa. Lakini mzazi asiyetajwa popote amebaki na kidogo. Kwa hiyo, kama unamtunza mzazi, andika wasia. Uwe kwenye karatasi, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili, na useme wazi mzazi wako atatunzwa kwa mali ipi. Kama wasia umemsahau mtegemezi kabisa, anaweza kuiomba mahakama imtengee matunzo kutoka kwenye mali hiyo. Wakimbizi wenye mali Uganda na nyumbani wapate ushauri wa kisheria, kwa sababu sheria za nchi mbili zinaweza kugongana.

Pesa ya mzee ikichukuliwa

Mtoto anayempokonya mama pesa ya SAGE, au anayeuza mgao wa baba na kumwacha na njaa, hafanyi jambo la siri la nyumbani. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 inahesabu unyanyasaji wa kiuchumi kuwa ukatili. Mzee, jirani au mjukuu anaweza kutoa taarifa kwa LC1, polisi au afisa maendeleo ya jamii. Kwenye makazi, anzia kwa wahudumu wa ulinzi au namba ya bure iliyotajwa juu.

Anayetunza ni nani?

Hakuna sheria ya Uganda inayomlipa anayemwogesha na kumgeuza mzee kitandani. Mara nyingi ni mkwe au mjukuu wa kike aliyeacha shule. Ndugu wakikaa kugawana gharama, kazi yake ihesabiwe. Anayetuma pesa kwa simu kutoka Kampala au Juba asijione ametoa zaidi ya anayelala macho. Kama mjukuu ameacha shule, kikao kitafute mtu wa kumpokea saa za masomo.

Fanya wiki hii

1. Soma kitambulisho au karatasi za ukimbizi za mzee na urekebishe kosa.
2. Muulize mzee anataka nani ampokelee pesa zake.
3. Hakikisha hali yake ya kiafya imeandikwa kwa UNHCR na OPM, au kwa afisa maendeleo ya jamii kama ni raia.
4. Kaeni kikao na muandike makubaliano ya familia.
5. Uliza salio lako la NSSF, kisha andika wasia.

Toleo jipya la vitabu vya sheria za Uganda lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na namba za sura na vifungu vya sheria nyingi zimebadilika. Ofisi ikikuambia kifungu ulichotaja hakipo, taja jina la sheria na uombe namba yake mpya. Haki yenyewe haikufutwa kwa sababu namba imebadilika.